Taa Imezimwa, Umeme Upo Palepale

Miongoni mwa kazi za nyumbani ambazo watu huzifanya bila kumwita fundi, kubadilisha taa ya dari ni ya mstari wa mbele. Balbu imeungua, holda imeyeyuka kwa joto, au mwenye nyumba amenunua taa mpya ya kuipendezesha sebule. Huvutwa meza, juu yake hupandishwa kiti, swichi ya ukutani huzimwa, kisha mtu hupanda akiwa na bisibisi mkononi na uhakika moyoni. Uhakika wenyewe umejengwa juu ya hoja moja tu: taa haiwaki, kwa hiyo umeme haupo.

Hoja hiyo ni ya uongo, na wapo wanaoilipia kwa uhai. Anayeletwa hospitali baada ya ajali ya namna hii aghalabu si mgonjwa wa muda mrefu wala mzee aliyedhoofika. Ni mtu aliyeamka mzima asubuhi, mwenye nguvu za kutosha kupanda ngazi. Msibani husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa ajali ya taa ya dari msemo huo hauna nafasi, kwa kuwa kinga ipo, inajulikana, na huchukua dakika chache.

Swichi huzima nini?

Umeme wa majumbani nchini Tanzania hufika kwa nguvu ya volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Huingia kwa waya wa moto, ambao mafundi wengi huuita laini, hupita katika taa, kisha hurudi kwa waya wa nyutro. Waya wa tatu ni wa ethi. Huo haubebi mkondo katika hali ya kawaida. Kazi yake ni kuupa umeme uliopotea njia ya kwenda ardhini, ili usipite katika mwili wa mtu.

Kazi ya swichi ni kuukata mzunguko huo mahali pamoja. Ikiwa imeukata waya wa moto kabla haujafika kwenye taa, holda hubaki bila umeme. Lakini taa itazimika vilevile iwapo fundi aliikosea njia na kuifunga swichi kwenye waya wa nyutro. Mzunguko umekatika, balbu imekuwa giza, ilhali waya wa moto umeshuka hadi ndani ya holda ukiwa na volti zake zote 230, ukikosa tu njia ya kurudia. Mkono wa mtu aliyeegemea ukuta wenye unyevu ni njia tosha.

Hata pale swichi ilipofungwa sawasawa, hatari haijaisha. Katika nyumba nyingi zilizofuata utaratibu uliorithiwa kutoka Uingereza, waya wa moto hupitia darini, katika kisahani cha plastiki ambacho mafundi hukiita silingi rozi, kabla ya kwenda kwenye taa ya chumba cha pili. Waya huo hauikuti swichi ya chumba hiki hata kidogo. Anayekifungua kisahani hicho baada ya kuzima swichi ya ukutani hukutana na kundi la nyaya, baadhi zikiwa hazina umeme na nyingine zikiwa nao, na kwa macho hazitofautiani.

Rangi nazo hazitoshi kuwa ushahidi. Katika mtindo wa zamani wa Kiingereza, waya wa moto ulikuwa mwekundu na wa nyutro mweusi. Mtindo mpya, ambao Uingereza yenyewe iliuruhusu mwaka 2004 na kuufanya wa lazima mwaka 2006, umeufanya waya wa moto kuwa wa kahawia na wa nyutro kuwa wa buluu. Ethi katika mitindo yote miwili ni kijani chenye mistari ya njano. Nyumba iliyojengwa zamani na kuongezwa vyumba baadaye huweza kuwa na mitindo yote miwili chini ya paa moja. Tena, waya unaorudi kutoka kwenye swichi kwenda kwenye taa huweza kuwa mweusi au wa buluu, ingawa ni waya wa moto kila swichi inapowashwa. Anayezikusanya nyaya zote nyeusi na kuziunga pamoja kwa kudhani kuwa ni nyutro huwa ametega shoti itakayolipuka swichi itakapobonyezwa.

Ipo dalili moja ambayo mwenye nyumba anaweza kuiona akiwa ameketi. Balbu ya LED ikibaki na mwanga hafifu usiku ilhali swichi imezimwa, huenda swichi hiyo inakata nyutro badala ya moto. Zipo sababu nyingine zisizo na madhara, kama vile nyaya ndefu zilizolala sambamba au swichi yenye kitaa chake kidogo. Hata hivyo, mwanga huo ni sababu ya kutosha ya kumwita fundi akague.

Mwili mbele ya volti 230

Kinachoua si volti peke yake, bali ni kiasi cha mkondo unaopita mwilini, njia unayoifuata, na muda unaodumu. Mkondo wa miliampea moja, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea, huhisiwa kama mchomo mdogo. Ukifika miliampea 10 na kuendelea, misuli hukakamaa. Charles Dalziel, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliwapima watu waliojitolea ili kujua ni mkondo gani mtu anaweza kuushika na bado akauachia kwa hiari yake. Wastani alioupata ulikuwa takribani miliampea 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Juu ya hapo mkono hung'ang'ania. Misuli ya kukunja vidole ina nguvu kuliko ya kuvikunjua, hivyo umeme unapoiamrisha yote kwa pamoja, vidole hufumba. Mtu husemekana kwamba umeme umemnasa. Kwa hakika mkono wake mwenyewe ndio unaoushika waya.

Mkondo ukizidi, misuli ya kupumua nayo hukakamaa. Kuanzia takribani miliampea 50 hadi 100, ukipita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo huweza kupoteza mpangilio wake. Badala ya vyumba vyake vikuu kujikaza na kusukuma damu, nyuzi za misuli hutetemeka kila moja kwa wakati wake, na damu husimama. Njia hatari zaidi ni ile inayokatiza kifua, yaani kutoka mkono mmoja hadi mwingine, au kutoka mkono hadi miguu. Ndiyo njia hiyohiyo anayoiandaa mtu aliyeshika holda kwa mkono mmoja na kujishikiza kwenye bati la paa au chuma cha dirisha kwa mkono wa pili.

Ngozi kavu na ngumu humkinga mtu kwa kiasi, kwa kuwa ukinzani wake huweza kufika makumi elfu ya omu. Jasho huuvunja ukinzani huo. Mwili ulioloa hukadiriwa kuwa na ukinzani wa takribani omu 1,000, na volti 230 zikigawanywa kwa omu 1,000 hutoa miliampea 230. Katika joto la Dar es Salaam au Tanga, chini ya paa la bati saa nane mchana, mtu mkavu ni nadra kupatikana.

Wengi hujifariji kwamba kikata umeme, yaani sakiti breka, kitaruka kabla ya madhara. Hesabu haiungi mkono faraja hiyo. Kikata umeme cha njia ya taa kwa kawaida ni cha ampea 6 au 10. Ampea 6 ni miliampea 6,000. Balbu moja ya kizamani ya wati 60 hutumia takribani miliampea 260, na kikata umeme huipitisha siku nzima bila kushtuka. Mwili wa binadamu unaopitisha miliampea 230 hauonekani kwa kifaa hicho kuwa ni ajali. Huonekana kama balbu nyingine iliyowashwa. Kifaa hicho kiliwekwa kuzikinga nyaya zisiungue, hakikuwekwa kuukinga moyo.

Kinachoukinga moyo ni kifaa kingine, cha kukata umeme unaovuja, ambacho pia kilitokana na kazi za Dalziel. Hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna umeme unaopita pasipostahili, nacho hukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Hakimsaidii aliyeshika waya wa moto na wa nyutro kwa wakati mmoja pasipo kugusa kingine, maana kinachokwenda hurudi chote kupitia kwake. Hata hivyo, nyumba iliyo nacho ni salama zaidi kwa mbali kuliko isiyo nacho. Kina kitufe cha majaribio, na kitufe hicho kiliwekwa kibonyezwe mara kwa mara.

Hatari ya kimo

Si kila anayepigwa na umeme darini huumizwa na umeme wenyewe. Mshtuko mdogo, ambao ardhini ungeishia kwa mtu kuruka na kucheka, humtupa chini mtu aliyesimama kwenye kiti kilichowekwa juu ya meza. Kichwa hupiga sakafu ya saruji, shingo hupinda, kifundo cha mkono huvunjika. Kwa sababu hiyo, suala la kusimama juu ya nini lina uzito sawa na suala la umeme. Ngazi iwe ya mbao kavu au ya fiberi, isiwe ya chuma wala ya alumini. Isimame kwenye sakafu kavu. Na mtu wa pili aishike muda wote. Mtu huyo wa pili ana kazi nyingine kubwa zaidi, itakayoelezwa mbele.

Swichi kuu na ujirani mwema

Kinga ya kwanza ni kuuzima umeme kwenye swichi kuu, ile ambayo watu huiita mein swichi. Kikata umeme kidogo cha njia ya taa kwa kawaida hukata waya mmoja tu, na kama nyaya ziligeuzwa mahali fulani, hukata usiokusudiwa. Swichi kuu ya nyumba ya kawaida hukata moto na nyutro kwa pamoja.

Kwa anayeishi peke yake katika nyumba yake, jambo hili ni jepesi. Katika nyumba ya kupanga, mambo ni tofauti. Mita ya Luku moja huhudumia vyumba kadhaa, na swichi kuu huwa koridoni, au chumbani kwa mwenye nyumba aliyetoka na ufunguo. Kuizima ni kulizima friji la jirani anayeuza barafu na maji baridi, kuikata pasi ya mwingine, na kunyamazisha televisheni katikati ya mechi. Mpangaji huona haya kuwasumbua watu wote kwa ajili ya taa yake moja. Huamua kupanda hivyohivyo, kwa uangalifu. Hakuna cheti cha kifo kitakachoitaja haya hiyo kuwa sababu, lakini imo katika mnyororo wa sababu kama ulivyomo waya uliochubuka.

Dawa yake ni mazungumzo. Majirani wakiambiwa mapema kwamba umeme utazimwa kwa nusu saa kuanzia saa nne asubuhi, friji halitaharibu kitu na pasi itangoja. Mwenye nyumba naye ana wajibu: swichi kuu ya nyumba yenye wapangaji haifai kufungiwa mahali ambapo hakuna mwingine awezaye kuifikia. Siku mtu atakaponaswa na waya, ufunguo huo ndio utakaotafutwa.

Baada ya kuzima, lazima pawe na hakika kwamba hakuna atakayewasha. Kama kuna fyuzi ya kuchomoa, ichomolewe na iwekwe mfukoni mwa anayefanya kazi. Kama ni swichi ya kubonyeza, ibandikwe teipu na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: usiwashe, mtu yuko darini. Mtoto aliyetumwa kuangalia kwa nini umeme umekatika huwasha kwa nia njema kabisa.

Ipo mitego mitatu inayofanana na usalama. Wa kwanza ni umeme kukatika mtaani. Mtu huona ndiyo nafasi ya kutengeneza taa, naye haizimi swichi kuu kwa kuwa haoni haja. Umeme hurudi bila kupiga hodi. Wa pili ni uniti za Luku kuisha. Nyumba ni giza, lakini ndugu aliye mbali aweza kununua uniti kwa simu na kumtumia mwenzake namba aziingize kwenye mita iliyo nje, pasipo aliye darini kujua. Wa tatu ni jenereta au mfumo wa jua wenye betri. Nyumba yenye chanzo cha pili haijazimwa mpaka vyanzo vyote viwili vizimwe.

Kupima kabla ya kushika

Umeme hauonekani, hauna harufu, wala hautoi sauti ya kutegemewa. Kwa hiyo, waya hauhesabiwi kuwa hauna umeme kwa sababu unatakiwa usiwe nao. Huhesabiwa hivyo baada ya kupimwa.

Kifaa kilicho mikononi mwa wengi ni testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Ikiwaka, umeme upo. Isipowaka, jibu si la uhakika. Testa huhitaji mkondo mdogo sana upite mwilini mwa mshikaji hadi ardhini. Mtu aliyesimama juu ya ngazi kavu ya mbao, mwenye viatu vya mpira, huenda asiupitishe wa kutosha. Kitaa chaweza kuwa kimekufa, au mwanga wa mchana ukakifanya kisionekane.

Wahudumu wa afya wanaufahamu vyema mtego wa aina hii. Kipimo cha haraka cha malaria kina mstari wa udhibiti, na mstari huo usipojitokeza, matokeo hayasomwi kuwa mgonjwa hana malaria. Husomwa kuwa kipimo hakikufanya kazi. Kanuni ya umeme ni hiyohiyo. Kifaa hujaribiwa kwanza kwenye soketi inayojulikana kuwa na umeme, kabla swichi kuu haijazimwa. Kisha umeme huzimwa na nyaya za taa hupimwa moja baada ya nyingine, swichi ya ukutani ikiwa imewashwa na tena ikiwa imezimwa. Mwisho kifaa hurudishwa kwenye umeme unaojulikana, hata ikibidi kuiendea soketi ya nyumba ya jirani, ili ithibitike kwamba hakikufa katikati ya safari. Mita ya fundi yenye ncha mbili ni bora kuliko testa, kwa kuwa hupima kati ya moto na nyutro, moto na ethi, na nyutro na ethi, bila kuutumia mwili wa mtu kuwa sehemu ya kipimo.

Kuifunga taa yenyewe

Kwanza, taa mpya isomwe kabla ya kufunguliwa ya zamani. Kila taa huandikwa kiwango cha juu cha wati za balbu, na kukizidi ni kuipika holda polepole. Taa yenye mwili wa chuma lazima iungwe kwenye ethi, isipokuwa ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonesha kwamba ina kinga maradufu na haihitaji ethi. Kama taa ni ya chuma yenye kuhitaji ethi na darini hakuna waya huo, kazi isimame hapo.

Pili, baada ya kuzima na kupima, nyaya zipigwe picha kwa simu kabla ya kulegeza skrubu hata moja, na kila waya ubandikwe kipande cha teipu chenye alama. Mwenye kuzichomoa zote kwa pamoja na kuanza kukumbuka baadaye hukumbuka vibaya.

Tatu, nyaya zikaguliwe. Joto la balbu za miaka mingi hukausha ganda la waya likawa gumu na kukatika kama gamba la muhogo. Sehemu hiyo ikatwe mpaka papatikane shaba safi na ganda laini. Ganda livuliwe kiasi cha kuingia kwenye kiunganishi tu, hivi kwamba skrubu ikikazwa hapaonekani shaba nje. Kusokota nyaya na kuzizungushia teipu si kuunga. Joto huilegeza teipu, na muungo uliolegea hutoa cheche na moto. Itumike konekta yenye skrubu, kisha kila waya uvutwe kidogo kuona kama umeshika.

Nne, ethi ndiyo iungwe mwanzo. Kisha waya wa moto unaotoka kwenye swichi uende mahali palipoandikwa L, na nyutro palipoandikwa N. Katika holda ya balbu ya kuskrubu, waya wa moto lazima uende kwenye ncha ya katikati, chini kabisa, na nyutro kwenye bati la mzunguko lenye nyuzi. Ukigeuza, bati ambalo vidole huligusa kwa urahisi wakati wa kuskrubu balbu ndilo litakalokuwa na umeme.

Tano, uzito wa taa usibebwe na nyaya. Waya wa taa inayoning'inia una mahali pake pa kubanwa ndani ya kisahani na ndani ya holda, ili vuto lote liishie hapo. Taa nzito hufungwa kwenye ubao wa kenchi. Silingi bodi au jipsamu peke yake haiwezi kuishikilia kwa miaka.

Sita, vifuniko vyote virudishwe, mtu ashuke chini, ngazi iondolewe, ndipo umeme uwashwe. Kikata umeme kikiruka, kisirudishwe kwa nguvu mara ya pili na ya tatu. Kinaeleza kosa, na kosa hilo linatakiwa litafutwe umeme ukiwa umezimwa.

Mahali pa kukomea

Kubadilisha balbu au holda iliyochakaa, baada ya kuzima na kupima, ni kazi ndani ya uwezo wa mtu makini. Kuvuta njia mpya ya umeme, kuhamisha swichi, au kugusa chochote kwenye mita na swichi kuu ni kazi ya fundi mwenye leseni. Nchini Tanzania leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na kumwomba fundi aioneshe si kumvunjia heshima. Fundi aitwe pia iwapo kuna nyaya nyingi zisizoeleweka, doa la maji darini, harufu ya kuungua, au waya unaoonesha umeme hata baada ya swichi kuu kuzimwa. Gharama ya fundi kwa saa moja haifanani na gharama ya kitanda cha hospitali.

Ajali ikitokea

Hapa ndipo kazi kubwa ya yule aliyeshika ngazi inapoanza. Asimguse aliyenaswa. Huruma ya kumkumbatia na kumvuta huwafanya waathirika kuwa wawili. Akimbilie swichi kuu. Ikiwa haifikiki, asimame juu ya ubao mkavu na kumtenga mtu huyo na waya kwa mti mkavu au mpini wa mbao wa ufagio. Njia hii ni ya umeme wa nyumbani tu. Kwa nyaya za nguzoni, asisogee kabisa.

Umeme ukishakatwa, mwili wa aliyepigwa hauna umeme tena na unaweza kuguswa. Maziwa, mchanga na udongo haviutoi umeme mwilini, kwa kuwa haubaki humo. Kumnywesha chochote mtu aliyepoteza fahamu ni kumhatarishia pumzi. Iangaliwe kama anaitika na kama anapumua. Kukoroma au kutweta kwa nadra si kupumua. Asiyeitika na asiyepumua kawaida agandamizwe kifua papo hapo: mikono miwili katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta msaada na usafiri. Mwenye mafunzo ampe pumzi 2 kila baada ya migandamizo 30. Kwa aliyeanguka, kichwa na shingo visigeuzwe ovyo, lakini kutopumua ndiko kunakotangulia kushughulikiwa.

Mbinu hiyo ya kugandamiza kifua ina historia inayogusa mada hii moja kwa moja. Mwaka 1899, huko Geneva, Jean-Louis Prévost na Frédéric Batelli walionesha kwa wanyama kwamba umeme huweza kuutia moyo mtetemeko, na kwamba umeme mwingine wenye nguvu zaidi huweza kuutuliza. Miongo kadhaa baadaye William Kouwenhoven, ambaye hakuwa daktari bali mhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alifanya utafiti uliosukumwa na vifo vya mafundi wa nyaya za umeme. Yeye na wenzake, Guy Knickerbocker na James Jude, walichapisha mwaka 1960 ripoti iliyoonesha kwamba mikono mitupu juu ya kifua kilichofungwa inaweza kuisukuma damu. Mbinu inayofundishwa leo duniani kote kwa kila moyo uliosimama ilizaliwa katika kuwatafutia wokovu watu waliouawa na waya.

Aliyezinduka, au ambaye hakuzimia, bado ana sababu za kwenda hospitali: moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, maumivu ya kifua, ganzi, kidonda cha kuungua hata kikiwa kidogo kama punje, ujauzito, au kuanguka na kuumia kichwa. Umeme huunguza ndani kuliko unavyoonesha nje. Misuli iliyoharibika humwaga vitu vyake katika damu, na mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi au kola, figo zimo hatarini. Hospitalini moyo hupimwa kwa mashine ya ECG, damu na mkojo huchunguzwa, na mgonjwa huangaliwa kadiri hali yake inavyotaka. Kidonda kipoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, mbali na umeme, bila kupakwa dawa ya meno wala mafuta.

Yote haya yanaweza kuepukwa kwa mambo mawili ambayo kila kaya inaweza kuyafanya leo, kabla taa yoyote haijaharibika. La kwanza ni kila mtu mzima wa nyumba, mpangaji kwa mwenye nyumba, kuoneshwa swichi kuu ilipo na kuizima kwa mkono wake mwenyewe angalau mara moja. La pili ni kukubaliana kwamba hakuna atakayepanda darini peke yake, wala kwa kuitegemea swichi ya ukutani. Swichi hiyo iliwekwa kwa ajili ya kupata giza la kulalia. Usalama wa anayepanda juu uko kwenye swichi kuu na kwenye kipimo.